Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Hagusi Kitabu Likizo Ndefu Ikifika

Shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ndefu, barua zinazoifikia safu hii huanza kufanana. Wengi wanaoandika ni wazazi, walezi na walimu wa watoto wenye umri wa miaka 11 hadi 14, yaani umri ambao mtoto ameshajua kusoma lakini bado hajaamua kama kusoma ni jambo lake. Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana yake, na nimejitahidi kuzijibu kwa kadiri ya nilichokiona darasani na nilichokisoma katika tafiti.

Mwalimu, salamu nyingi. Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na anafanya vizuri shuleni. Likizo iliyopita nilimnunulia vitabu vitano vya hadithi vilivyopendekezwa na shule, nikampangia saa moja ya kusoma kila siku mchana. Tuligombana kila siku. Mwishoni niligundua kwamba alikuwa akifungua ukurasa uleule na kukaa nao saa nzima, mawazo yakiwa nje kwa wenzake. Likizo hii nifanye nini? — Mama wa mtoto mmoja

Dada yangu, pole sana, maana ugomvi wa kila siku juu ya kitabu huwaumiza wote wawili. Naomba tuutazame tena huo ukurasa aliokuwa akiufungua. Kijana anayeweza kukaa saa nzima mbele ya ukurasa mmoja bila kuusoma hakushindwa kusoma. Alikataa, na alikataa kwa njia pekee ambayo isingemletea adhabu. Jambo la kujiuliza ni alikataa nini hasa. Kwa miaka niliyofundisha watoto wa umri huo nimeona kwamba wengi wao hawakatai kusoma. Wanachokikataa ni kitabu walichochaguliwa na mtu mwingine, katika saa waliyopangiwa na mtu mwingine, huku wakijua kwamba mtihani wa mdomo unawangoja wakifunga ukurasa wa mwisho.

Umri wenyewe unachangia. Katika miaka hii mtoto anatafuta nafasi yake. Anataka kuamua avae nini, aongozane na nani na alale saa ngapi. Wakati huohuo masomo nayo yanageuka. Katika madarasa ya chini mtoto hujifunza kusoma, lakini akishapanda hutakiwa asome ili ajifunze, na kurasa anazopewa huwa ndefu, zenye istilahi ngumu na maswali yaliyopangwa chini yake. Ndiyo maana mtoto ambaye zamani alikuomba hadithi moja zaidi kabla ya kulala anaweza kufika miaka 12 akikihesabu kila kitabu kuwa ni kazi ya shule iliyomfuata hadi nyumbani.

Ushauri wangu ni kwamba uanze kwa kumrudishia uchaguzi, na umrudishie wote. Mpeleke maktabani, au popote penye vitabu vingi, mwache peke yake kati ya rafu kwa muda wa kutosha, kisha achukue vitano au sita anavyovitaka mwenyewe. Usimwongezee hata kimoja chako. Akirudi na kitabu cha wachezaji wa mpira, cha nyoka wenye sumu, cha hadithi za kutisha au cha namna ya kutengeneza ndege za karatasi, nyamaza, hata kama moyo unakutuma useme. Akiwa na wasiwasi kwamba kitabu kitamshinda, mfundishe kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote wa katikati, ausome, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kinamzidi kwa sasa, isipokuwa kama anakitamani mno, kwa sababu kipendacho roho hula nyama mbichi.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye hadithi zote zilimchosha. Likizo moja aliazima kitabu kinene cha ufundi wa baiskeli, kitabu ambacho mimi nisingempa hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Alikirudisha kikiwa na alama za dole gumba lenye mafuta pembezoni mwa kurasa nyingi, jambo ambalo halikumfurahisha mkutubi, lakini kwangu alama zile zilikuwa ushahidi kwamba kitabu kilikuwa wazi sakafuni, kando ya gurudumu, na kwamba mtoto alikuwa akisoma mstari, anajaribu, anarudi kusoma tena. Jambo la kwanza aliloniuliza shule ilipofunguliwa ni maana ya neno «msuguano», kwa sababu alitaka kujua kwa nini mpira wa breki huisha. Neno hilo lilikuwa bado halijafika katika somo lake la sayansi.

Mpe pia ruhusa ya kuacha kitabu kinachomchosha. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto atazoea kutomaliza mambo, lakini sisi watu wazima tunaviacha vitabu vingapi katikati bila kuulizwa na mtu? Akisoma kurasa 20 na kitabu kikakataa kumshika, akiweke chini na kuchukua kingine siku hiyohiyo.

Kuhusu muda, saa ya mchana ambayo wenzake wanacheza nje ndiyo saa mbaya kuliko zote. Nusu saa kabla ya kulala inatosha, simu za nyumba nzima zikiwa zimewekwa chumba kingine, yako ikiwamo, na wewe mwenyewe ukiwa na chako cha kusoma mkononi. Anzeni wiki ya kwanza ya likizo, kwa sababu utaratibu unaoanzishwa katikati humfanya mtoto aone ananyang'anywa kitu alichokwisha kukizoea.

Kama unajiuliza ni vitabu vingapi vinatosha, mtafiti wa Marekani James Kim alichapisha mwaka 2004 utafiti wa wanafunzi wapatao 1,600 wa darasa la sita katika shule 18. Aliona kwamba kusoma vitabu vinne au vitano wakati wa likizo kuliambatana na alama bora za ufahamu shule zilipofunguliwa, kwa kiasi kinachoweza kuzuia kiwango cha mtoto kisishuke, hata baada ya kuzingatia uwezo aliokuwa nao kabla ya kufunga. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba vitabu peke yake ndivyo vilivyoleta tofauti, lakini unatupa hesabu ambayo haimtishi mtoto wala mzazi. Vitabu vinne katika likizo ndefu ni mzigo mwepesi, ilimradi viwe vinne vinavyosomwa kweli.

Ndugu Mwalimu, nimemwahidi binti yangu wa miaka 11 kwamba nitampa fedha kwa kila kitabu atakachomaliza likizo hii. Mke wangu anasema ninamharibu mtoto. Tumekubaliana kukuuliza wewe. — Baba wa watoto watatu

Ndugu yangu, katika hili niko upande wa mkeo. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri kama wangechora, wengine walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa chochote. Siku zilizofuata, wakati ambapo vyeti havikuwapo tena na kila mtoto alikuwa huru kucheza apendavyo, walioahidiwa ndio waliokuwa wamepunguza hamu ya kuchora. Wale waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa na kitu. Walikuwa wadogo kuliko binti yako, na kuchora si kusoma, lakini nimeiona hali hiyohiyo kwa wanafunzi wangu: anayelipwa kwa kila kitabu huanza kutafuta vitabu vyembamba, kisha huruka kurasa, na malipo yakisimama naye husimama.

Kwa kuwa ahadi umeshaitoa, itimize kwa kitabu cha kwanza, usimvunje moyo, halafu kaeni mzungumze upya. Kumfurahia mtoto hakukatazwi. Akimaliza kitabu kilichomshika, mpeleke mwende mkachague kinachofuata, au mruhusu akeshe nusu saa zaidi ya kawaida kwa masharti kwamba muda huo ni wa kusoma tu. Kwa mtoto wa miaka 11, ruhusa ya kuchelewa kulala ni heshima kubwa.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha lugha kwa wanafunzi wa miaka 12 na 13. Kila likizo ndefu tunawapa vitabu vitatu vya lazima na fomu ya muhtasari yenye maswali 20 kwa kila kitabu. Wengi wananakiliana. Mkuu wa shule anataka maswali yaongezwe ili wasiweze kunakili, mimi naona tuyafute yote. Unashauri nini?

Mwalimu mwenzangu, barua yako imenigusa kwa sababu nimelifanya kosa hilo kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja nilikusanya daftari za likizo na kuona kwamba mhusika mkuu wa riwaya moja ameandikwa jina lake kwa kosa lilelile, herufi ileile ikiwa imerukwa, katika daftari 14. Mtoto mmoja alikuwa amesoma, au pengine hakusoma hata huyo. Niliwaadhibu, na hadi leo ninajuta, kwa sababu kazi ile niliipanga mimi, na niliipanga kwa namna ambayo mtu angeweza kuikamilisha bila kugusa kitabu. Maswali 20 yakiwa 30, utasahihisha kurasa nyingi zaidi za kunakili.

Hata hivyo, nisingeyafuta yote. Katika utafiti wa Kim nilioutaja juu kuna jambo linalotuhusu sisi walimu: pale walimu walipowataka wanafunzi waandike kidogo kuhusu kitabu walichosoma likizo, au walipowaomba wazazi wathibitishe kwamba mtoto amesoma angalau kitabu kimoja, watoto walielekea kusoma vitabu zaidi. Uwajibikaji mdogo unasaidia. Mtoto akijua kwamba kuna mtu atamuuliza, anaona kwamba jambo lenyewe lina maana. Ukurasa mmoja unatosha, wenye swali moja ambalo haliwezi kunakiliwa, kwa mfano aeleze ni mahali gani katika kitabu alipotaka kubishana na mwandishi, au alipoacha kusoma na kwa nini. Anayenakili jibu la swali hilo atapaswa kueleza ubishi wa mtu mwingine mbele yako, na hilo ni gumu kuliko kusoma.

Kilicho kikubwa zaidi ya fomu ni kazi ya wiki mbili za mwisho kabla ya kufunga. Chukua kitabu kizuri, wasomee sura ya kwanza kwa sauti, ukifika mahali ambapo mlango unafunguliwa na hatujui nani ameingia, kifunge na uwaambie nakala zipo rafuni. Fanya hivyo kwa vitabu vitano au sita vya aina tofauti. Siku nyingine, kila mwanafunzi aje na kitabu alichokipenda na akisifie mbele ya wenzake kwa dakika mbili. Katika umri huu neno la rafiki lina uzito ambao neno la mwalimu halina, na nimeona kitabu kilicholala kabatini mwaka mzima kikigombaniwa kwa sababu mtoto mmoja mwenye marafiki wengi alisema kilimfanya alie.

Halafu wafungulieni kabati. Hapa nitasema kwa msisitizo, kwa sababu shule nyingi hukusanya vitabu vyote na kuvifungia kabla ya likizo ili visipotee, kisha zinashangaa watoto wanarudi bila kusoma. Mwaka 1978 Barbara Heyns alichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la sita na la saba katika jiji la Atlanta, Marekani, akaonyesha kwamba idadi ya vitabu ambavyo mtoto amesoma wakati wa likizo iliendana na maendeleo yake, na kwamba maktaba ya umma ilichangia ukuaji wa watoto katika miezi hiyo kuliko taasisi nyingine yoyote ya umma, shule zenyewe zikiwamo. Waliokaa karibu na maktaba waliitumia zaidi. Kitabu kisicho karibu hakisomwi. Tena wanaoumia zaidi ni watoto wasio na vitabu nyumbani: mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walizipitia tafiti 39, wakaona kwamba katika kusoma, watoto wa familia zenye uwezo wa kati walielekea kusonga mbele kidogo wakati wa likizo huku wa familia maskini wakirudi nyuma. Watafiti wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa pengo hilo, lakini haihitaji hesabu kubwa kuona kwamba nyumba isiyo na kitabu haiwezi kumpa mtoto cha kusoma. Kila mwanafunzi aondoke na vitabu vitatu alivyovichagua. Vingine vitapotea, ni kweli. Mwambie mkuu wako kwamba kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto kimefanya kazi kilichonunuliwa kuifanya.

Ninaandikiwa barua hii na jirani. Nalea wajukuu wawili, mmoja ana miaka 13 na mwingine 8. Mimi nilisoma madarasa machache na macho yangu hayaoni maandishi madogo. Walimu wanasema tuwasimamie watoto kusoma likizo. Nitamsimamia vipi mtu anayenizidi? — Bibi

Shikamoo Bibi. Nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wapo wengi wenye swali hilo na wanaona haya kulitaja.

Mwalimu anapomuuliza mtoto swali kuhusu hadithi, mtoto anajua kwamba mwalimu ana jibu na anataka tu kuona kama yeye pia analo. Wewe ukimuuliza, unauliza kwa sababu hujui na unataka kujua, na mtoto hulihisi hilo mara moja. Basi ukiwa umekaa unapumzika jioni, mwambie mkubwa akusimulie alipofikia. Muulize yule mtu alifanya vile kwa nini, kama alikuwa na haki, na yeye mwenyewe angekuwa mahali pake angefanya nini. Akisita, mwambie arudi kitabuni akakutafutie. Mtoto anayerudi kurasa tatu nyuma ili ampe bibi yake jibu la kweli amesoma kwa makini kuliko anayejaza fomu, na wewe hujahitaji kuona hata herufi moja.

Kwamba kitabu kinahitaji mtu wa kukizungumza naye, hilo si langu peke yangu. Mwaka 2008 James Kim na Thomas White walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wadogo kidogo kuliko mjukuu wako mkubwa. Waliotumiwa vitabu vya likizo peke yake hawakufaidika sana. Waliofaidika ni wale ambao, pamoja na vitabu, walimu wao waliwafundisha mbinu za kuelewa wanachosoma, na nyumbani wakamsomea mtu wa familia kwa sauti na kumweleza walichokielewa. Huyo mtu wa familia katika nyumba yako ni wewe.

Mwombe pia mkubwa amsomee mdogo wake, na umweleze kwamba ni kazi unayomkabidhi kwa kuwa unamwamini. Kijana wa miaka 13 anayeona aibu kusoma vitabu vyepesi kwa ajili yake mwenyewe atavisoma bila aibu kwa ajili ya mdogo wake, na ili asikwame mbele yake atapitia hadithi kwanza peke yake. Siku nyingine uwasimulie wewe hadithi ulizosimuliwa utotoni, mkubwa aziandike, kisha akusomee alichoandika na umsahihishe alipokosea. Utaona atakavyobishana nawe juu ya neno gani hasa ulilisema, na ubishi huo juu ya neno ndio ambao sisi walimu tunautafuta darasani mwaka mzima.

Binti yangu ana miaka 13 lakini anasoma kama mtoto wa miaka minane. Anakisia neno kwa kuangalia herufi ya kwanza, anaruka mistari, na akiambiwa asome kwa sauti analia. Ni mwerevu katika mambo mengine yote. Likizo hii tumempangia asome kwa sauti mbele yetu kila jioni. Je, tunafanya sawa?

Ninaomba, kwa heshima, muusitishe mpango huo leo. Mtoto anayelia akiambiwa asome kwa sauti hapati mazoezi. Anajifunza kwamba kusoma ni mahali pa kuaibikia, hasa kama wadogo zake wapo wanasikiliza.

Anzeni kwa kumpima macho. Macho yakiwa salama, mtafuteni mtaalamu wa matatizo ya kujifunza kupitia shule yake, kwa sababu mnayoyaeleza yanafanana na disleksia, ingawa barua haiwezi kutoa hukumu hiyo. Disleksia haina uhusiano na ukosefu wa akili. Ni ugumu wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha, mara nyingi huwapo katika ukoo, na mtoto mwenye nayo husaidiwa kwa kufundishwa uhusiano wa sauti na herufi kwa mpangilio, hatua kwa hatua, hata kama ameshafika miaka 13. Kumwambia ajitahidi zaidi hakumsaidii, kwa kuwa amekuwa akijitahidi kuliko wenzake wote.

Wakati mnasubiri, msomeeni, au mpeni vitabu vya kusikiliza huku akifuatilia kwa macho katika kitabu chenyewe. Kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya mstari na kusogezwa taratibu humzuia asiruke. Mnaweza pia kusoma pamoja kwa sauti moja, mkiwa wawili tu, mzazi akilinganisha mwendo wake na wa mtoto. Binti akijisikia tayari kuendelea peke yake anagonga meza kwa kidole na mzazi ananyamaza, akikwama mzazi anarudi bila kusema lolote. Mtafutieni vitabu vyenye sentensi fupi na herufi kubwa, lakini vinavyosimulia mambo ya watu wa umri wake. Kumpa msichana wa miaka 13 kitabu cha kifaranga aliyepotea kunamwambia kwamba mmemrudisha utotoni, na atakifunga kabla hajajaribu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa miaka 13. Napenda vitabu vya katuni, na hadithi nyingine nazisoma kwenye simu. Baba anasema huko si kusoma, ni kupoteza likizo. Naomba umwambie.

Marahaba, mwanangu. Baba yako ana nia njema, kwa hiyo nitamweleza kwa upole, na wewe nawe nitakuambia neno moja.

Mzee mwenzangu, katuni ni kusoma. Mtoto anaunganisha picha, maneno na yale yaliyoachwa kati ya kisanduku kimoja na kingine, na wasomaji wengi wazuri wameingilia mlango huo. Kuhusu simu, mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakaona kwamba watu huelewa vizuri zaidi wakisoma kwenye karatasi pale ambapo maandishi ni ya maarifa, kama ya masomo, lakini katika tafiti zilizotumia hadithi peke yake tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo, masomo yake ayasome kwenye karatasi akiweza, na hadithi azisome hata kwenye simu, mradi amezima mtandao ili ujumbe wa marafiki usimkatize kila dakika.

Sasa wewe, mwanangu. Katuni huwa na sentensi fupi, nawe unakaribia madarasa ambayo sentensi zake zitakuwa ndefu kama hizi ninazokuandikia. Mwaka 1985 William Nagy, Patricia Herman na Richard Anderson waliwapima wanafunzi wa darasa la nane, ambao ni kama wa rika lako, wakaona kwamba msomaji hunasa maana za maneno mapya kutokana na habari anayoisoma, bila kufundishwa, ila kwa kukutana na neno mara moja tu uwezekano ni mdogo. Neno linahitaji kukujia mara nyingi, katika sentensi tofauti, ndipo likae. Hilo linapatikana kwa kusoma kurasa nyingi za maandishi mfululizo. Endelea na katuni zako, na kando yake chagua riwaya moja, uichague mwenyewe, inayohusu jambo lilelile unalolipenda katika katuni hizo. Jioni moja mkaribishe baba, umsomee kurasa mbili za katuni unayoipenda zaidi na umwonyeshe picha, umweleze nani ni nani na wanagombania nini. Akicheka mahali ambapo wewe ulicheka, utakuwa umemjibu vizuri kuliko mimi. Na ukiimaliza hiyo riwaya, niandikie uniambie ni mhusika gani aliyekukasirisha.